Kofia ya Mke Mwenzangu

Tangu tuoane, mume wangu hakuwahi kuvaa kofia ya dukani. Zote nilimshonea mimi kwa mkono, vitundu kwa sindano, kila kimoja nikikizungushia uzi; kofia moja miezi minne. Kisha nikajitia ujanja wa kutupa miwani. Nikaenda Mombasa nikapigwa leza ya macho, na haukupita mwaka kila kitundu nikakiona viwili. Miwani nayo haikusaidia tena.

Mwaka huohuo akaoa mke wa pili, mtaa wa Wiyoni. Naye ni mshonaji kofia, bila shaka.

Idd ya kwanza mume wangu alitoka kwake na kofia mpya kichwani. Niliitazama nikaona vitundu vimepinda na mistari imepandana. Nilifurahi, sifichi. Nikawaambia mashoga zangu, nikamwambia wifi, nikarudia kwenye arusi mbili kwamba yule mwanamke hajui kushona. Mwishowe nikamwambia mume wangu mwenyewe. Akanijibu kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma.

"Mato yako yakipowa utanishonea nawe. Sasa niwate nivae hii."

Nilirudi Mombasa kwa wivu zaidi kuliko kwa ugonjwa. Daktari mwingine alinipima kwa mashine, akanionyesha ramani ya rangi kwenye kompyuta: konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ilibaki na mabonde baada ya leza ya kwanza. Angeipiga leza tena, safari hii akifuata ramani hiyo, ili aisawazishe. Hakuniahidi macho ya msichana. Nilimuuliza jambo moja tu, kama nitaweza kushona kofia. Akasema tujaribu.

Siku nne macho yaliwaka nikalala na kitambaa usoni. Nuru ilirudi polepole. Mwezi wa tatu, asubuhi moja, nilifungua msahafu na kila herufi ikatulia mahali pake. Nikamshukuru Mungu, kisha, mume wangu akiwa anaoga, nikaichukua kofia yake ile ya Idd nikaipeleka dirishani. Nilitaka nizijue kasoro zote, nimtajie moja moja akitoka.

Vitundu vilikuwa sawa. Vyote. Mistari imenyooka kuliko yangu ya ujanani, uzi haukulegea popote. Nilitafuta hadi nikasikia maji yamekoma chooni, nikairudisha haraka.

Alipotoka aliivaa, akaniuliza macho yanaendeleaje.

Nikamwambia bado.