Reinhild na Tarumbeta ya Pasaka

Alhamisi Kuu, saa moja asubuhi, kahawa ilimtoka Reinhild Hübner mdomoni ikamwagikia aproni. Akadhani ni haraka zake. Akanywa tena, ikamwagika tena. Kwenye kioo cha ukumbini akakuta upande wa kulia wa uso wake umeporomoka, na jicho la upande huo halifumbi hata akilibana.

Alikuwa na miaka sitini na moja, fundi cherehani mstaafu, na kwa miaka thelathini ndiye aliyepiga tarumbeta ya kwanza, ile inayoongoza, alfajiri ya Pasaka wapigaji wa kanisa wanapotangaza ufufuo makaburini, pale kijijini kwao Lusatia, mashariki mwa Ujerumani. Jumapili ilikuwa inakuja. Kichwani mwake hakukuwa na jambo jingine.

Mumewe, Eberhard, aliogopa kiharusi, akataka kuita gari la wagonjwa. Reinhild akakataa katakata. Jana si alirudi kutoka mazoezi ya tarumbeta kwa baiskeli, shingo wazi? Basi ni upepo umempiga. Kijijini kwao hata mtoto anaijua dawa yake: mfuko wa kokwa za matunda ya cheri uliopashwa moto kwenye oveni, wa kukandia shavu, skafu ya sufu, na madirisha yafungwe. Akajifunga, akaketi jikoni, maana mama huyu akishaamua jambo hata mchungaji hamgeuzi.

Ijumaa Kuu alijaribu tarumbeta. Hewa ilivujia pembeni mwa mdomo, sauti haikutoka. Akajaribu mara ishirini. Eberhard, ambaye miaka yote alipiga tarumbeta ya pili na miaka yote alikaripiwa kwa kukosea, alisikiliza nyuma ya mlango.

Jumamosi jicho likawa jekundu, na nyuma ya sikio kukaanza kuuma. Eberhard akaleta gari mlangoni.

"Panda. Ukitaka kunigombeza, nigombeze njiani."

Akapanda, na kweli akamgombeza njia nzima. Nusu ya maneno hayakueleweka, na hilo lilimtisha Eberhard kuliko uso wenyewe.

Kliniki zote zilikuwa zimefungwa kwa sikukuu. Katika hospitali ya wilaya, daktari wa zamu, mwanamke kijana, alimwambia Reinhild ainue nyusi. Paji likakunjamana kushoto; kulia likabaki laini. Akampima nguvu za mikono na miguu, akachungulia sikio kama lina malengelenge, akauliza kama ameumwa na kupe, maana kupe huweza kuambukiza ugonjwa wa neva, akamtoa damu ya kupima. Kisha akaeleza kwamba kiharusi kwa kawaida huliacha paji likikunjika. Hapa ni neva ya uso yenyewe iliyovimba, ikabanwa kwenye njia yake nyembamba ndani ya mfupa, nyuma ya sikio.

"Ilianza lini hasa, mama?"

"Alhamisi. Saa moja asubuhi."

Daktari akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi jioni.

"Vidonge vya kutuliza uvimbe husaidia zaidi vikianzwa ndani ya siku tatu. Umebakiwa na saa kumi na tano."

Reinhild akameza vya kwanza pale pale, maji yakimchuruzika kidevuni.

"Kwa hiyo ule upepo..."

"Upepo haujakufanya kitu, mama. Ila umekupotezea siku mbili."

Akampa matone ya jicho na plasta ya kulifunga wakati wa kulala. Wengi hupona, alisema, kwa wiki kadhaa au miezi. Kuahidi hakuahidi.

Alfajiri ya Pasaka tarumbeta ya kwanza ilipigwa na Eberhard. Reinhild alisimama kando, bila skafu, akalia mbele za watu. Majirani walimsihi afunike shingo, naye akaiacha wazi.

Wiki ya nne, jikoni, Eberhard alikuwa akifanya mazoezi, akakosea palepale anapokosea miaka yote. Reinhild akacheka. Eberhard akashusha tarumbeta, akamkodolea macho.

"Nini tena?" Reinhild akauliza.

"Mdomo wako. Pembeni, huku kulia. Umecheza."

Reinhild akapeleka kidole pale.

"Basi kosea tena," akasema.