Ua la Saa Nane

Aibu yangu naijua mwenyewe, na watu wa mtaa wetu wa Usagara, hapa Tanga, wanaijua kunishinda, maana mpaka leo nikipita barazani hakosi mmoja wa kuuliza, "Bwana Vitunguu, saa ngapi sasa?" halafu baraza zima linacheka, na mimi nacheka nao, nifanyeje, kosa ni langu na ujuaji wangu.

Miaka ya hamsini hiyo, nilikuwa kijana, natunza bustani ya memsahibu mmoja wa Kizungu kule Raskazoni. Mama yule alikuwa na vitunguu vya maua, vidogo kama punje za kitunguu saumu, akiviita airisi, vimetoka nchi za mbali ambako kiangazi ni kikali na mvua huja pamoja na baridi, na alisema hata huko ni adimu. Hapa Tanga vilitoa majani tu, membamba, ua hakuna. Alipofunga mizigo kurudi kwao aliniachia vyungu vitatu na karatasi aliyoiandika kwa Kiswahili, kwa mkono wake: wakati wa kaskazi visiguswe na maji, vilale vikavu, kipupwe kikiingia viwekwe penye ubaridi, vinyweshwe kidogo kidogo, ukiona rangi kwenye ncha, kesho yake ua litafunguka saa nane, na jioni ileile litakufa.

Hiyo saa nane ndiyo iliyonimaliza. Memsahibu tangu nimjue alihesabu saa za kwao. Akitaka chai ya saa kumi atasema "lete chai saa nne", nikamfundisha mara mbili tatu, akacheka, akaendelea vilevile, basi nikazoea kumgeuzia kimoyomoyo. Kwa hiyo niliposoma saa nane nikageuza palepale: nane yao ni mbili yetu, saa mbili asubuhi, nikakunja karatasi (nikajipongeza kwa akili).

Miaka mitatu nilivilaza na kuviamsha. Kaskazi vilikaa juu ya kabati, vikavu, na mimi nikilala mchana navyo karibu niliona kama sote watatu, mimi, joto na vitunguu, tunaota ndoto moja. Kipupwe niliviweka chini ya mtungi wa maji ya kunywa, mahali pale ambapo sakafu haikauki, nikachuchumaa hapo kila alfajiri baada ya kuswali, nikitazama mchanga kana kwamba utaniambia kitu. Majirani wakanipa jina. Sikujali, nilikuwa nimependa vitu viwili kwa pamoja, na vyote viwili vimefumba.

Cha pili kilikuwa Zuhura, binti wa Mzee Hamisi fundi saa. Posa yangu ilikaa kwa mzee miezi sita bila jibu. Nilisikia alichosema: "Mwanamume anayelea kitunguu kisicholiwa, binti yangu atamlisha nini?"

Basi asubuhi moja ya kipupwe nikaona rangi. Buluu, nyembamba kama uzi, kwenye ncha tatu, moja kila chungu. Ningenyamaza nikaliangalia peke yangu, leo nisingekuwa na mkasa wa kuwapa. Lakini moyo ulinijaa, miguu ikanipeleka dukani kwa mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kitunguu kimesemaje?"

"Kesho kinafunguka, mzee. Saa mbili kamili." (Hilo "kamili" niliongeza mwenyewe.)

Akaondoa kioo chake jichoni, akanitazama. "Kikifunguka saa uliyosema, nitajua wewe ni mtu wa neno lako. Kisipofunguka, usirudi tena kwangu na habari ya Zuhura."

Laiti ningekomea hapo! Nikaalika na mtaa mzima. Nikatandika mikeka uani, nikaagiza halua na kahawa, nikavifunika vyungu kwa kitambaa cheupe, na saa mbili kasorobo ua ulijaa watu, mzee mbele na saa yake ya mnyororo mkononi, kando yake dada yake, Bi Mwanaidi, mama wa maneno makali ambaye hajawahi kusifu hata pilau ya harusi. Saa mbili ikagonga. Nikatoa hotuba (ndiyo, hotuba), nikafunua.

Vichipukizi vitatu, vimebana vilevile, vimesimama kama njiti za kiberiti.

"Ndilo hilo?" akauliza Bi Mwanaidi. "Mbona kitunguu kimeota mkia?"

Nikawaomba wanyamaze, nikasema halipendi kelele. Wakanyamaza. Nikasema linataka jua, nikabeba chungu kulifuata jua uani na watu wote nyuma yangu, nikasema labda ubaridi unalizuia, nikalisogeza karibu na jiko la kahawa, nikapiga magoti nikalipulizia pumzi yangu mpaka kanzu ikachafuka majivu, na kila nilichofanya kicheko kilipanda. Mwishowe, Mungu anisamehe, nikalishika kwa kucha nilifungue mwenyewe. Likachanika. Kidole kikabaki na doa la buluu, na watu wote uani wakapasuka kwa kicheko.

Mzee hakucheka. Alifunga kifuniko cha saa yake, tik. "Saa tatu na robo. Nimefunga duka kwa ajili ya hiki." Akaondoka, na watu nyuma yake, na halua nyuma ya watu.

Akabaki Bi Mwanaidi tu, goti limemkaza, kajinyoosha mkekani kalala. Nikaketi kando ya vyungu viwili vilivyosalia, nimechoka hata kuona haya. Adhana ya adhuhuri ikapita. Kivuli cha ukuta kikasogea polepole mpaka miguuni pangu, kuku wakanyamaza, upepo ukaacha, nikawa sijui kama nimelala au niko macho, ndipo nikaona kitu kinasogea. Ua halikuchanua ghafla, lilijikunjua, jani kwa jani, bila haraka, buluu ya mbali yenye doa jeupe na katikati ya doa manjano kidogo, likakaa wazi kabisa. Na la pili likalifuata. Nililia, sifichi.

"Nani kafa?" akasema Bi Mwanaidi akiamka. Kisha akaona. Akajikokota mpaka penye vyungu, akainama. Akasema, "Zuri," neno moja, akaniomba karatasi ya memsahibu. Magharibi maua yaliponyauka aliyachuma, akayafunga pamoja na karatasi kwenye ncha ya kanga yake, akachechemea kwenda kwa kaka yake.

Kesho yake nikaitwa dukani. Mzee ameitandaza karatasi juu ya meza, kati ya vyuma vya saa.

"Imeandikwa saa nane," akasema. "Lilifunguka saa ngapi?"

"Saa nane, mzee. Nilidhani amesema kwa hesabu ya kwao, nikaigeuza."

Na hapo ndipo iliponipata sawasawa. Mama yule alikuwa amejifunza. Neno nililomfundisha nikadhani kalipuuza, alikuwa ameniandikia katika zawadi ya mwisho, na mimi nikamsahihisha alipokuwa sahihi.

Mzee aliokota ua lililokauka, akalitazama kwa kile kioo chake, kisha akanitazama mimi, jicho likiwa kubwa kupita kiasi.

"Saa iliyo nzima," akasema, "sisi mafundi hatuifungui. Umesikia, mkwe?"

Nilisikia neno la mwisho tu. Vitunguu vilioza masika yaliyofuata, na Zuhura hakuliona ua lile hata siku moja. Lakini tangu siku ile mtu akiniambia saa nane, naenda saa nane, na kama sina hakika, nauliza.