Aliyeulizia Friji

“Ingia, ingia! Usisimame hapo na begi.”

Ndivyo nilivyokaribishwa mtaani Yeoville. Nilikuwa nimetoka Harare kwa basi, sijui kulia wala kushoto, nikiitafuta nyumba ya Shufaa, mwanamke wa Tanga anayeuza mapazia na kupangisha chumba cha nyuma. Alikomea mlango kwanza, ndipo akaitikia shikamoo yangu.

“Marahaba. Siku hizi mwenye begi ni mgeni, na mgeni anatafutwa.”

Jumamosi kungekuwa na maandamano ya kutaka wageni waondoke. Wakongo wa ghorofa ya juu walishahamia kanisani. Shufaa alikuwa hajaamua. Duka lake la miaka mingi haliachwi kwa tetesi.

Alinimiminia mikononi marashi ya limau ya Uturuki, anakonunua vitambaa. Kwenye mabasi ya kule, alisema, utingo huwamiminia abiria hivyohivyo. Mwaka jana alisafiri kutoka Istanbul hadi kusini, kwa mshonaji mmoja wa mapazia. Mlimani, nyuma ya karakana, kulikuwa na kijiji kizima cha mawe, hakina paa wala mtu.

“Nikamuuliza, tetemeko? Akasema hapana. Wenyeji walikuwa Wakristo, wakapelekwa Ugiriki. Na bibi yake, Mwislamu, akatolewa Ugiriki akaletwa kule. Serikali zilikubaliana, miaka mia sasa. Bibi mwenyewe Kituruki alikuwa hakijui!”

Nami nimeikata nchi ile kwa basi, magharibi hadi mashariki. Miji mingi ina jina la kwenye kibao, na jina jingine la waliotoka, ambalo wazee hulitaja kwa sauti ya chini.

“Bibi alimwambia mjukuu wake hofu haikuanza na askari,” Shufaa aliendelea. “Ilianza siku rafiki yake alipoliulizia kabati lake, akasema: Ukienda, niachie mimi.”

Mlango ukagongwa. Shufaa akachungulia, akafungua. Alikuwa mama wa spaza, kiduka cha jirani, ameleta sahani ya magwinya, maandazi ya kwao, ya moto. Alizungumza Kizulu, na nilikielewa vya kutosha.

“Dada, usiogope, kelele tu hizi. Lakini ukienda, lile friji usiwaachie wahuni. Niachie mimi.”

“Eish! Friji tu? Na kodi ya nyumba je?”

“Hiyo nenda nayo kwenu!”

Wakacheka, wakapigana mabega. Mlango ulipofungwa, Shufaa alikaa juu ya marobota ya vitambaa, akaiweka sahani sakafuni bila kuonja.

“Umesikia,” alisema. Hakuwa akiniuliza.

Kesho yake basi la kwenda mpakani lilikuwa na nafasi moja. Alivaa magauni matatu, moja juu ya jingine, akajifunga khanga na kuficha pasipoti kifuani. Begi hakuchukua. Aliniachia ufunguo.

“Friji mpe,” alisema. “Lakini mpe Jumapili, maandamano yakishapita, akija na mikono mitupu, bila silaha.”

Nilimtazama kutoka nyuma ya pazia. Alitembea polepole kama anayekwenda kununua mkate. Mama wa spaza alimpungia mkono, naye akampungia. Alipokata kona, yule mama aligeuka, akaitazama nyumba kwa muda mrefu.

Nilikomea mlango.