Usiiwashie Intaneti, Mama

Saa tatu asubuhi, Bushira anashusha pazia la kibanda chake cha kutengeneza simu karibu na soko la Gisenyi. Leo hataki wateja wengine. Mezani kuna kifaa cha kusomea vitabu.

Kifaa ni cha Verediane, aliyeketi mbele yake, mama wa miaka sabini anayeongoza kwaya ya kanisa ng'ambo ya barabara. Macho yamefifia. Bintiye Umuhoza, aliye Ubelgiji, alimletea kifaa hicho, wanakwaya wakampigia picha kurasa za nyimbo, wakaziweka humo. Lo! Programu ya kiwandani ikaonyesha maneno madogo kama punje za ulezi.

Mwezi uliopita Bushira alikifungua, akaweka programu isiyo ya kiwanda, inayokuza maneno yaliyo kwenye picha. "Mama, usiiwashie intaneti," alimwonya. "Ikijirekebisha yenyewe, kazi yetu imeenda."

Verediane aliitikia. Jioni ile ile Umuhoza akamtumia mtandaoni kitabu cha kumpongeza kwa kusoma tena. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi: mama akawasha intaneti akipokee. Kifaa kikajirekebisha, programu ikafutika, na njia aliyoitumia Bushira kukifungua ikazibwa.

"Mi nilijua iko makosa," anasema Verediane, akijifunika mdomo kwa kitenge. "Lakini zawadi ya mutoto unakataa namna gani? Na yeye iko mbali vile!"

"Hata mi ningepokea, mama."

Tangu hapo maneno hayasomeki. Verediane alishamwambia mchungaji atafute mwingine wa kuongoza Pentekoste, akarudi nyumbani akilia. Bushira alikesha na neno hilo. Jana mafundi wa mbali wakaonyesha mtandaoni njia mpya ya kukifungua. Lakini kifaa kikigoma katikati, ndiyo basi, hakiamki tena.

Anachomeka waya. Kioo kinakuwa cheusi. Kinakaa cheusi.

"Mana we!" ananong'ona Verediane, akimwita Mungu.

Kisha ubeti wa kwanza unatokea, mnene, mweusi, unasomeka hata kutoka mlangoni. Verediane anauimba palepale. Bushira, binti wa Kiislamu aliyekua akisikia mazoezi ya kwaya hiyo, anaufuatisha kwa kutikisa kichwa huku akifuta machozi bila aibu.

Ghafla mama anakatiza wimbo. "Na Umuhoza akituma tena?"

"Atume kwa simu yangu. Mi nitapokea, niingize kwa waya. Hautakataa zawadi ya mutoto."

Verediane ameshapiga simu. "Umuhoza? Tuma kitabu ingine, tuma kwa Bushira. Na Pentekoste, mwanangu, naongoza mi."