Programu ya Mgawo wa Maji

Mwanangu, inanijia asubuhi moja ya Newala, ukungu umelala juu ya bonde la Ruvuma mpaka unadhani ukinyoosha mguu utaukanyaga. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, redio na baiskeli mpya zimejaa madukani Masasi, na ofisi yetu ya maji ikaletewa kompyuta ya rangi. Ile ya zamani ilinitesa wee! Hii mpya nikaiandikia programu ya mgawo wa maji kwa siku chache tu: leo kijiji cha Mnyambe, kesho cha Chilangala. Nikajiona nimemaliza. Ujana, jamani.

Basi akaingia Mama Somoe wa Mnyambe, kanga kaifunga kiunoni. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mzee wetu katutoka. Watu wamejaa, maji ya kumwoshea hatuna. Fundi pampu anasema karatasi yako ya mgawo imewapa Chilangala."

"Ndivyo kompyuta ilivyopanga, mama."

Akanitazama. "Kwani hiyo kompyuta imewahi kufiwa?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikakimbia kwa fundi pampu, akageuza koki, maji yakaenda Mnyambe. Chilangala ndiko kwetu. Mama yangu alirudi nyumbani na ndoo tupu, wala hakunung'unika.

Baada ya mazishi mama yangu akaenda Mnyambe kutoa pole, nami nikawakuta mkekani yeye, Mama Somoe na fundi pampu. Nikawauliza, ili niirekebishe programu: misiba ikiwa miwili, nani apewe? Fundi akasema aliyetangulia kufiwa. Mama Somoe akakataa, wenye wageni wengi. Mama yangu akauliza, na penye unyago je? Wakabishana mpaka chai ikapoa. Hakuna aliyejua! Jambo lenyewe waliliishi siku zote, hawakuwahi kulisema. Nikawa nawasikiliza kama niko usingizini, sauti zao zikija na kupotea, nikawapenda sana.

Leo unaniambia laptop yako inakuandikia programu yenyewe, na bado unakwama, unajiona mjinga. Huna ujinga wowote. Chombo kimekupunguzia kuandika tu. Kujua watu wanataka nini, na wao wenyewe hawajakubaliana, hiyo kazi iko palepale. Kwa hiyo kesho ifunge hiyo laptop, nenda kwa hao unaowafanyia kazi, uliza mambo yakiharibika huwa wanafanyaje. Waache wabishane, nawe usiwaharakishe.

Mungu akupe masikio, mwanangu, na asiwepo mtu wa kulala na kiu kwa sababu yako.