Udongo Rasmi wa Mvinyo

Miaka ile ya utawala wa wanajeshi, nilikuwa kwenye kaunta ya ofisi ya kilimo Kampala, afande alipotangaza eneo rasmi la mvinyo wa ndizi, kufuatana na udongo na mvua. Kidole chake kilitambaa kwenye ramani, kikakomea kwenye kizuizi cha jeshi cha Nateete.

Mama mmoja mtengeneza mvinyo akapiga magoti. "Afande, migomba yangu iko pande zote mbili. Udongo ni moja."

"Mvinyo ya ng'ambo ya kizuizi ni magendo. Mvua ya huko hatujakagua."

"Ndiyo, ssebo."

Wiki iliyofuata nilimkuta kwenye kizuizi hicho, karai kichwani, akipelekea migomba ya ng'ambo udongo rasmi. Askari waliuchakura kwa vidole, wakamruhusu apite. Mpaka leo sielewi walikuwa wakitafuta nini. Mvua?