Kiganja Ukutani

Leo mume wangu ametwanga mawe ya dhahabu kwenye kinu ninachotwangia mtama wa uji wa mtoto. Nimesikia harufu ya lile vumbi lililolowa, nikatoka nje; harufu hiyo naijua tangu utotoni.

Nilikuwa darasa la nne nilipotoroka peke yangu kwenda kuona boma la Mjerumani. Bibi alisema baba yake alibebeshwa mawe ya boma hilo, na kiganja chake kimebaki kwenye chokaa ya ukutani, vidole vinne, cha tano kilipondwa na jiwe. Nilitaka kuweka mkono wangu pale.

Nilitembea asubuhi nzima. Nikakuta vyumba vinanuka mavi, sakafu imejaa mashimo, na mwanaume mmoja ameshika sururu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

"Nimekuja kuona mkono wa baba yake bibi." Nikamwonyesha kwa kidole. Ulikuwa nyuma ya bega lake.

Akacheka, akageuka, kisha akaacha kucheka. "Kumbe hii ni alama. Mjerumani hakuweka alama bure, alificha dhahabu yake humu."

Akapiga sururu palepale, kipande chenye kiganja kikadondoka. Akakilamba kile kipande cha chokaa, akakitwanga, akakiosha kwenye karai, akachungulia, kisha akatemea ugoro humohumo.

"Huu ni uchafu tu. Rudi kwenu, we mtoto."

Alipoondoka nilichutama. Nikabonyeza kiganja changu kwenye lile tope jeupe alilolimwaga sakafuni, lenye mate yake. Alama ikakaa kidogo, ikajaa maji, ikapotea.